Uweke "s" au uiache? Aina za nomino za Kiingereza zikilinganishwa kwa msemaji wa Kiswahili

Anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili hukwama mara nyingi mahali pawili: mbele ya nomino na mwishoni mwake. Ni "information" au "informations"? Ni "a staff" au "a member of staff"? Ni "the committee has" au "the committee have"?

Kiswahili hakimwachi msemaji wake gizani namna hiyo. Nomino hutembea na ngeli yake, na maneno yanayoifuata hutii: kifaa hiki kimeharibika, vifaa hivi vimeharibika. Kiingereza huficha jambo hilo. "Picture" na "furniture" zinaishia kwa sauti moja, lakini ya kwanza inahesabika na ya pili haihesabiki, wala hakuna kiambishi cha kukuonya.

Orodha tuliyofundishwa shuleni, yaani nomino za kawaida, za pekee, za jamii na dhahania, hupanga maneno kwa maana yake. Inafaa kujibia mtihani. Kwenye sentensi husaidia kidogo tu, na nomino dhahania ndizo zinazolionyesha hilo vizuri. "Idea" na "advice" zote ni dhahania, hazishikiki wala hazionekani, lakini "two ideas" ni sahihi na "two advices" ni kosa. Kwa hiyo hapa nomino zinalinganishwa kwa tabia zao ndani ya sentensi.

Vigezo vya ulinganisho

Kila aina itaulizwa maswali yaleyale. Mbele yake hukaa nini: "a" au "an", "the", au hakuna kitu? Je, hupokea "s" ya wingi? Kitenzi chake ni "is" au "are"? Kiasi chake husemwaje: kwa "many", kwa "much", au kwa kukopa neno la kipimo? Kisha tutaangalia ni wapi Kiswahili kinakupotosha, na aina hiyo inafaa maandishi gani.

Nomino zinazohesabika

Hizi ni "book", "teacher", "problem", "village". Zikiwa katika umoja haziwezi kusimama peke yake: lazima mbele yake kuwe na "a", "an", "the", "my", "this" au neno jingine la kundi hilo. "I bought book" ni kosa hata kama maana inaeleweka. Kati ya "a" na "an" unachagua kwa sauti, si kwa herufi: "an hour" kwa sababu h haitamkwi, "a university" kwa sababu neno linaanza kwa sauti ya y, "an MP" kwa sababu M inatamkwa "em".

Wingi wake kwa kawaida ni "s". Zipo zinazobadilika ndani ("men", "teeth", "children"), zisizobadilika kabisa ("sheep", "aircraft", "series"), na zile zilizokuja na wingi wake kutoka Kigiriki. Katika ripoti za ofisini hizi za mwisho huharibika sana: umoja ni "criterion" na "phenomenon", wingi ni "criteria" na "phenomena". Ukiandika "one criteria" umekosea.

Kitenzi hufuata idadi, na kiasi husemwa kwa "many", "few", "fewer" na "a number of". Angalia tofauti hii: "a number of students are absent" huchukua wingi, kwa kuwa maana yake ni wanafunzi kadhaa. "The number of students is falling" huchukua umoja, kwa kuwa kinachozungumzwa ni idadi yenyewe. Vivyo hivyo, fedha, uzito na umbali vikichukuliwa kama kiasi kimoja hupewa umoja: "ten thousand shillings is enough", "twenty kilos is too heavy".

Kiswahili hukupotosha hapa kwa sababu hakina "a" wala "the". "Nimenunua kitabu" ni sentensi kamili, basi mkono hutafsiri neno kwa neno na kuruka "a" au "the". Kosa la pili hutokea baada ya "one of": nomino huwa katika wingi na kitenzi katika umoja, "one of the students is sick".

Aina hii inafaa popote msomaji anapotaka kujua ni vingapi: maelekezo, mikataba, orodha za vifaa, dodoso.

Nomino zisizohesabika

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Mbele yake hakukai "a" wala "an". Inawezekana kusimama tupu ("we need information"), kuwa na "the" kama kinachozungumzwa kinajulikana ("the information you sent"), au kuwa na "some". Haipokei "s". Kitenzi ni cha umoja daima: "the equipment is new", hata kama kontena zima limejaa vifaa. Kiasi husemwa kwa "much", "little", "less" na "a lot of". Ukitaka kuhesabu, unakopa kipimo: "a piece of advice", "two items of luggage", "a loaf of bread", "a bar of soap", "three cloves of garlic", "a sheet of paper". Ukiziweka katika wingi, "s" hukaa kwenye kipimo, si kwenye nomino: "two bars of soap".

Kwa vimiminika na nafaka Kiswahili hakikusumbui sana. Maji, maziwa, sukari na mchele hatuvihesabu bila kipimo, na Kiingereza hakivihesabu pia. Hata hivyo kuwa makini na maziwa, mahindi na wenzao wenye kiambishi cha ma-: umbo ni la wingi kwetu, lakini "milk" na "maize" ni umoja kwao. "The maize are dry" ni kivuli cha "mahindi yamekauka". Maharage, kwa upande mwingine, ni "beans", na yanahesabika. Mantiki haitakusaidia hapa: ngano ni "wheat" isiyohesabika, na shayiri ya uji ni "oats" yenye wingi.

Hatari kubwa iko kwenye maneno ambayo Kiswahili kinayahesabu na Kiingereza kinakataa. Taarifa hizi, samani hizi, mizigo hii, vifaa hivi, kazi nyingi, nywele zake, pesa zimekwisha: yote hayo ni wingi mdomoni mwetu. Kiingereza kinayataka "this information", "this furniture", "this luggage", "this equipment", "a lot of work", "her hair is long", "the money is finished". "Her hairs are long" humfanya msikilizaji awaze unywele mmoja mmoja.

Mkate na sabuni ni mitego ya aina nyingine. Unaingia dukani na kuomba mkate mmoja na sabuni mbili bila shida. Kwa Kiingereza "a bread" na "two soaps" husikika vibaya. Sema "a loaf of bread" na "two bars of soap".

Maandishi ya kitaaluma na ya miradi yana balaa lake. Maneno "research", "evidence", "knowledge", "feedback", "training", "stationery", "infrastructure" na "progress" huandikwa kwa "s" kila siku katika ripoti zetu. Njia ya kujinusuru si kufuta "s" tu, maana wakati mwingine kweli unataka kuhesabu. Badilisha neno. Tafiti mbili ni "two studies". Mafunzo matatu ni "three training sessions" au "three courses". Safari mbili ni "two trips", kwa kuwa "travel" haihesabiki. Foleni moja ni "a traffic jam", na msongamano kwa jumla ni "traffic". Kazi mbili za ajira ni "two jobs".

Kuna ubaguzi mmoja unaowasumbua hata walimu. Baadhi ya nomino dhahania zisizohesabika hukubali "a" zikiwa na sifa au maelezo: "a good knowledge of Swahili", "a university education". Nyingine hazikubali kamwe, hata ukizipamba: "a good advice", "a good progress" na "a bad weather" ni makosa. Hakuna kanuni ya kuzitenganisha; hujifunzwa moja moja.

Kisha yapo maneno yanayokaa pande zote mbili na kubadili maana. "Chicken" bila "a" ni nyama ya kuku. "A chicken" ni kuku mzima. Aliyesema "I ate a chicken" amesema amemaliza kuku mzima. "Paper" ni karatasi kwa jumla. "A paper" ni gazeti au makala ya kitaaluma. "Iron" ni chuma. "An iron" ni pasi. "Experience" ni uzoefu. "An experience" ni tukio lililokupata. "Damage" ni uharibifu. "Damages" ni fidia mahakamani, na kuyachanganya hayo mawili kwenye barua ya madai kunaweza kukugharimu. Mkahawani "two coffees" ni sahihi, maana yake vikombe viwili.

Kwa wanyama wakubwa Kiingereza hakihitaji ujanja huu kwa sababu nyama ina jina lake: "cow" na "beef", "pig" na "pork", "sheep" na "mutton". Majina hayo ya nyama yana asili ya Kifaransa, na yaliingia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Mipaka hii si ya milele. Zamani "pease" ilikuwa nomino isiyohesabika, mithili ya mchele wetu. Wasemaji wakaisikia sauti ya mwisho kana kwamba ni "s" ya wingi, wakaiondoa, na "pea" ikazaliwa. Waswahili walifanya jambo lilelile kwa neno la Kiarabu kitab: sauti ya ki- ilikuwa sehemu ya neno, lakini masikio yetu yakaipeleka ngeli ya KI-VI, tukapata vitabu. Kwa hiyo usitafute sababu ya kimaumbile kwa nini "furniture" haihesabiki na "chair" inahesabika. Ni mazoea ya wasemaji, na mazoea hushikwa kwa kukariri.

Aina hii inafaa unapozungumzia kitu kwa ujumla wake: sera, utangulizi wa utafiti, mapishi, taarifa ya hali ya hewa.

Nomino za jamii

"Team", "family", "committee", "government", "crew", "class", "staff". Mbele yake hukaa "a" au "the" kama nomino yoyote inayohesabika, na makundi yakiwa mengi hupokea "s": "two committees". Kinachoumiza kichwa ni kitenzi cha kundi moja.

Kwa desturi ya Uingereza, ambayo shule za Kenya, Uganda na Tanzania zimeirithi, unaweza kuchagua. Kundi likitenda kama mtu mmoja, tumia umoja: "the committee has approved the budget". Ukiwafikiria wajumbe mmoja mmoja, hasa wanapotofautiana, tumia wingi: "the committee are divided". Kwa desturi ya Marekani umoja ndio wa kawaida, na anayetaka wingi huandika "the committee members are divided". Desturi zote mbili ni halali. Kosa ni kuzichanganya ndani ya aya moja, ukaanza na "has" na "its" halafu ukamalizia kwa "have" na "their".

Kwenye michezo tofauti hiyo huonekana wazi. Mwandishi anayefuata Uingereza ataandika "Kenya have beaten Uganda" akizungumzia timu, na "Kenya has signed an agreement" akizungumzia nchi.

Kiasi husemwa kwa kuunganisha kundi na wanakundi: "a herd of cattle", "a swarm of bees", "a bunch of keys". Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwani kina utajiri uleule: kundi la ng'ombe, bunda la noti, safu ya milima. Ndizi zinalingana vizuri ajabu: mkungu ni "a bunch", kichana ni "a hand".

Mtego mkubwa ni "staff". Kwetu husikika "he is a staff here" na "all staffs should attend". "Staff" ni kundi zima la wafanyakazi wa mahali pamoja. Mmoja ni "a member of staff", na wote ni "all staff" au "all members of staff".

Aina hii inafaa kumbukumbu za vikao, taarifa za habari, barua za taasisi.

Nomino za wingi tu, na zile zinazojifanya wingi

Kundi la kwanza ni vitu vyenye pande mbili: "scissors", "trousers", "shorts", "glasses" kwa maana ya miwani. Hazikubali "a", zina "s" muda wote, na kitenzi ni "are". Kiasi husemwa kwa "pair": "a pair of trousers", "three pairs of scissors". Ukitaja "pair", kitenzi hulifuata neno hilo: "this pair of trousers is torn", lakini "these trousers are torn". Kiswahili kina suruali moja na mkasi mmoja, ndiyo maana "a trouser" na "a scissor" vimeenea sana Afrika Mashariki.

Kundi la pili ni "goods", "savings", "customs" kwa maana ya forodha, na "premises", ambalo hubaki na wingi hata jengo likiwa moja. Ni maneno ya mikataba na leseni za biashara. Yaache na "s" yake.

Kundi la tatu halina "s" lakini ni wingi: "police", "cattle", "people". "The police are here." Kwa Kiswahili polisi anaweza kuwa mmoja, lakini "a police" haipo, mmoja ni "a police officer". Ng'ombe hamsini ni "fifty head of cattle", na "head" haipokei "s".

Kundi la nne ni kinyume chake. Lina "s" lakini ni umoja: "news", "mathematics", "physics", "measles". "The news is good." Maneno yetu "habari hizi" huwavuta wengi kuandika "these news", na enzi za Shakespeare hilo lingekubalika, leo halikubaliki.

Nomino za pekee

Herufi kubwa, kitenzi cha umoja, na kwa kawaida hakuna "a". Swali gumu ni "the". Nchi nyingi hazina: "Tanzania", "Rwanda". Zenye neno la muundo wa dola au umbo la wingi zina "the": "the Democratic Republic of the Congo", "the United States", "the Comoros". Hata hivyo "the United States" huchukua "is", si "are".

Mito, bahari na safu za milima zina "the": "the Nile", "the Indian Ocean", "the Usambara Mountains". Ziwa na mlima mmoja havina: "Lake Victoria", "Mount Kilimanjaro". Kwa vyuo, jina linaloanza na "University of" huchukua "the", na jina linaloishia na "University" halichukui: "the University of Dar es Salaam", lakini "Makerere University".

Jina la mtu hupokea "s" unapomaanisha familia au majina yanayofanana: "the Masanjas", "three Fatumas in one class". Usiweke alama ya ritifaa. Hiyo ni ya umiliki. Herufi kubwa nazo huzidi kipimo. Katika Kiingereza cha kawaida "the government" na "the president" huandikwa kwa herufi ndogo, na kubwa huja zikiwa sehemu ya jina kamili, kama "President Nyerere". Majina ya lugha na miezi ni herufi kubwa. Majira kama "summer" ni ndogo.

Aina hii inafaa wasifu, maombi ya viza, mialiko, na maandishi yoyote ya kumtambulisha mtu au mahali.

Uchague vipi, kulingana na unachoandika

Kama una neno na hujui liko upande gani, fungua kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza lugha, si ya wasemaji wazawa. Kamusi hizo huweka herufi C kwa inayohesabika na U kwa isiyohesabika, pembeni ya kila maana. Soma maana unayoihitaji, si ya kwanza tu, kwani neno moja laweza kuwa U katika maana ya kwanza na C katika ya tatu.

Kama unaandika tasnifu au ripoti ya mradi, ukimaliza tafuta kwa kompyuta maneno haya: "researches", "evidences", "informations", "equipments", "trainings", "staffs", "feedbacks". Badala ya kila "researches" weka "studies", kisha rekebisha kitenzi. Chagua pia mapema kama nomino za jamii zitafuata Uingereza au Marekani, na uliza chuo au jarida lako linataka ipi.

Kama ni barua ya kazi, kagua "a" mbele ya kila cheo: "I worked as a teacher", si "as teacher". Andika "five years of experience" kwa uzoefu. "Experiences" itasomwa kama matukio.

Kama ni mapishi au orodha ya bidhaa, weka kipimo mbele ya kila kisichohesabika na "s" kwenye kipimo: "two cups of rice", "three cloves of garlic", lakini "four onions", maana vitunguu maji vinahesabika.

Kama ni kumbukumbu za kikao, umoja ni salama zaidi kwa kamati na bodi, kwa sababu huandika uamuzi wa wote. Wajumbe wakigawanyika, andika "members were divided", na tatizo la kitenzi halitokei kabisa.

Kama ni mazungumzo ya ana kwa ana na umekwama katikati ya sentensi, tumia "some" au "a lot of". Zote mbili hukubali nomino inayohesabika katika wingi na isiyohesabika pia: "some books", "some advice", "a lot of problems", "a lot of luggage".

Kama ni mtihani wa shule, jibu kwa majina ya mtaala, hata pale yanapogongana na vigezo vya hapa. Mtahini akiuliza "advice" ni nomino ya aina gani, anaweza kuwa anataka dhahania. Akikupa nafasi ya kujaza kabla yake, anataka "some" au "a piece of". Soma swali linauliza maana au linauliza tabia.